Baiskeli Mlangoni kwa Zuhura

Wifi yangu Somoe anaosha maiti. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mbali wakisikia habari ya baiskeli yake hucheka, halafu wakiambiwa kazi yake wananyamaza. Hapa Mikindani hatunyamazi. Mwanamke akifariki, Bi Somoe anaitwa kabla ndugu wa mbali hawajapigiwa simu, naye anakuja na kikapu chake: sabuni, pamba, glovu, kafuri, udi kidogo, na ndoo yake mwenyewe maana haamini ndoo za watu. Anafunga mlango, anaosha, anavisha sanda, anafungua mlango. Hana mzaha na hana machozi. Ni dada wa mume wangu Twahiru, na tangu nimeolewa sijamwona akiharakishwa na mtu.

Halafu akapata kiharusi. Upande wa kushoto ukalegea wote. Alilazwa, akarudi, akakaa barazani kwake akifinya mpira mpaka vidole vikaanza kushika. Mguu ndio uliogoma. Anauburuta. Kutoka kwake mpaka kwangu tunaweza kuitana kwa sauti tukasikizana, lakini alikuwa anafika kwangu ametota jasho. Bodaboda hawezi kupanda. Bajaji anaweza, ila haingii kwenye vichochoro vyetu vya mawe, na wifi yangu hana moyo wa kukaa kwenye kizingiti akimsubiri dereva.

Mwanawe Idrisa anakaa Likombe, mwendo wa gari kutoka hapa. Ana nyumba nzuri, vigae chini, luninga ukutani, choo ndani. Akaja akasema kwa adabu zote kwamba mama atahamia kwake, chumba kipo.

"Utakaa tu, mama. Hutafanya chochote."

Kwake yeye hayo yalikuwa mapenzi. Mimi nilikuwa pale namenya muhogo, nikamtazama wifi usoni. Jamani, mtu aliyesomewa hukumu ana nafuu.

"Nikiweza kwenda mwenyewe ninakotaka, nitabaki kwangu?" akauliza.

Idrisa akacheka kidogo. "Ukiweza, mama, nani atakuhamisha?"

Hapo mtoto alijifunga. Wifi yangu ukimpa neno, halitoki tena mkononi mwake.

Baiskeli niliziona mimi. Nilikuwa Chuno kwa shughuli zangu, nikapita kwa fundi Andrea, Mmakonde mmoja mpole anayetengeneza baiskeli za mtumba zinazokuja na makontena. Uani kwake palikuwa na mbili za magurudumu matatu, za watu wazima. Moja ya kukaa wima, ya kijani, ina kikapu kikubwa nyuma. Nyingine ya kuegemea, iko chini kabisa, unakaa kama umelala na miguu inasukuma mbele. Nikarudi nikamwambia wifi. Kesho yake tukapanda bajaji, mimi na yeye, tukaenda.

"Shikamoo, mama," Andrea akasema.

"Marahaba, baba. Nionyeshe."

Andrea hakuwa na maneno mengi ya biashara, na hilo nilimpendea. Alimwambia ya kuegemea haipinduki ovyo kwa sababu iko chini, mgongo unapata pa kupumzika, na wengi waliopata tatizo kama lake wangechagua hiyo. Ya kukaa wima ni rahisi kupanda kwa sababu chuma cha katikati kimeshuka, mtu haruki kitu, ila kona haitaki haraka. "Ukikata kona kwa kasi, mama, gurudumu moja linanyanyuka. Watu wanadhani ikiwa na matatu haianguki. Inaanguka vizuri sana."

Tukaanza na ya kuegemea. Mimi nilimshika wifi kwapani, Andrea akaishika baiskeli, tukamteremsha polepole. Alikuwa amevaa suruali ndani ya baibui, mjanja yule, alishaona mbali. Akakanyaga pedeli, akauzunguka ua, na niseme kweli, ilimkaa. Mgongo umetulia, mguu mbovu unabebwa na mzima, hana wasiwasi. Nikasema moyoni, basi, tumemaliza, turudi.

Kuinuka sasa. Akajaribu, wapi! Akajaribu tena. Akaacha, akabaki ameegemea anatazama mawingu.

"Farida."

"Abee, wifi."

"Hapa nilipo naona magoti yenu. Nikipita mjini nitamwamkia nani, magoti ya watu?"

"Wifi, watainama."

"Watu hawainami siku hizi. Halafu mimi nimewalaza watu chali tangu ujana wangu, na siku yangu ikifika nitalazwa. Kwa sasa nataka kukaa. Ninyanyueni."

Andrea akanitazama, hajaelewa. Nikamweleza kazi ya wifi. Maskini, akachukua kitambaa akaanza kufuta kiti cha baiskeli ambacho hakikuwa na vumbi.

Tukaichukua ile ya kijani. Andrea alizihamishia breki zote mbili mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto haukuwa wa kutegemea. Akamshonea ukanda wa mpira wa tyubu kwenye pedeli ya kushoto ili mguu usichomoke, akaufunika mnyororo kwa bati usile baibui. Na breki ya kufunga, ukiegesha mlimani isiteremke peke yake. Kwenye fremu kulikuwa na maandishi ya Kijapani. Wifi aliuliza yanasema nini, nikamwambia yanasema "wifi yako ni mtu mwema". Akasema Wajapani nao ni waongo.

Kujifunza alijifunzia kwenye uwanja wa mpira, asubuhi, kabla ya jua kali. Twahiru mume wangu, aliyepanda baiskeli tangu hajaingia jandoni, akasema tumpishe atuonyeshe. Haya, tukampisha. Kumbe baiskeli ya magurudumu matatu haitaki ujuzi wa ile ya mawili. Ya mawili unapinda kwa kuulaza mwili. Hii ukiulaza mwili haina habari na wewe, inataka usukani. Mume wangu alijilaza kulia, baiskeli ikaenda moja kwa moja, akajilaza zaidi, nayo ikazidi kwenda, mpaka ndani ya michongoma. Tulimtoa miiba. Somoe alicheka, na ndiyo mara ya kwanza tangu augue nilipoona upande wa kushoto wa mdomo wake unapanda. Mimi nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda baiskeli maishani, kwa hiyo hakuwa na mazoea ya kusahau. Akajifunza upesi. Tatizo lilikuwa barabara ya lami, kwa sababu imeinama pembeni ili maji ya mvua yaende mtaroni, na baiskeli nayo inataka kwenda huko huko. Ilimbidi aushike usukani kwa nguvu za mkono wa kulia, auvutie upande wa pili, na pasipo na gari aende katikati. Madereva wa bodaboda walimpigia honi. Yeye hujibu bila kugeuka, "Kimbia tu, mwanangu. Makaburi yako palepale." Wakaacha honi.

Basi akaanza kwenda. Sokoni kwa samaki anakwenda. Dukani anakwenda. Msibani anafika kabla waliotumwa kumwita hawajarudi. Wenzake wanamimina maji, yeye anaosha kwa mkono mzima na kuelekeza. Idrisa alikuja, akaona, akasema mashallah, akarudi Likombe. Nilidhani habari imeisha.

Zuhura ni rafiki yake. Walichezwa unyago msimu mmoja, wakaolewa mitaa inayopakana, wakafiwa na waume wote wawili. Zuhura ana ugonjwa wa moyo, miguu inavimba, na mji wote unajua. Siku hiyo wifi alitoka baada ya Adhuhuri na bakuli la mchuzi wa pweza, akaegesha mlangoni kwa Zuhura, akafunga breki, akaingia. Vitu vyake vya kazi hukaa nyuma kikapuni siku zote, ndoo juu. Zamani alivibeba siku ya kuitwa tu, siku nyingine hakuna aliyeviona. Zuhura alikuwa ametoka kuosha nywele, akataka kusukwa, wakafunga mlango. Wifi husuka polepole siku hizi, mkono wa kushoto unashikilia nywele tu, wa kulia unasuka.

Sasa hapa mgeni hataelewa, nimweleze. Mwosha akiwa ndani, mlango ukafungwa, hapa kwetu haubishwi. Habishi mume, habishi mtoto, habishi imamu. Mnakaa nje mnasubiri ufunguliwe. Ndivyo tulivyolelewa.

Wanaume wakatoka Alasiri. Wakaona baiskeli, wakaona ndoo, wakaona mlango umefungwa, na anayeumwa ndani wanamjua. Hakuna aliyebisha. Mzee Abeid, muadhini wetu, spika anayo na subira hana, akarudi msikitini. Mimi nilikuwa jikoni kwangu nikasikia: Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, tunatangaza kifo cha Bi Zuhura binti Salumu. Niliacha sufuria motoni. Nililia njia nzima, na wallahi nilikuwa nalia kweli, Zuhura aliniuguzia mwanangu wa kwanza. Nikafika, nikakuta mikeka imeshatandikwa, wanawake wamejitanda kanga, mabenchi yanaletwa, vijana wamechukua majembe wamekwenda makaburini. Mwanawe Zuhura anafanya kazi Msimbati, huko karibu na Ruvuma inapoingilia baharini. Alipigiwa simu, akaacha kazi, akapanda pikipiki.

Yaliyokuwa yakiendelea ndani niliambiwa baadaye. Nywele zilikuwa zimesukwa nusu. Wakasikia spika.

"Zuhura yupi huyo?" Zuhura akauliza.

"Binti Salumu hapa ni wewe tu," wifi akamjibu.

Zuhura akafikiri. "Basi malizia kusuka. Nisitoke nusu nusu."

Na wakamalizia! Mwenyezi Mungu anawaona. Sisi tuko nje tunalia, wao ndani wanasukana. Mlango ukafunguliwa, Zuhura akasimama pale na mkongojo, nywele safi, akasema, "Assalamu alaykum." Mimi nilipiga ukelele ambao Twahiru anasema aliusikia akiwa makaburini. Kuna bibi alikimbia akaacha viatu, na mpaka leo hajavifuata.

Ingekuwa kichekesho, lakini kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Kaburi haliachwi wazi, hapa tunaamini litamwita mtu. Wazee wakakubaliana lifukiwe na gogo la mgomba, wakalifukia kimya kimya, na kila mtu alirudi nyumbani na hofu yake. Mwanawe Zuhura alifika kutoka Msimbati, macho yamevimba, akamkuta mama yake anakula pweza. Akakaa chini mchangani. Akauliza kosa ni la nani. Abeid hakulaumiwa, watu hawapendi kumlaumu mwenye spika. Ikalaumiwa baiskeli.

Hakuna aliyemwambia wifi asije kwake. Hatuambiani hivyo sisi. Tuna adabu zetu, na adabu zetu zinaweza kuua. Wakimwona anakuja wanatoka wao, wanamlaki huku huku njiani. "Shikamoo Bi Somoe! Usijisumbue kushuka, sisi tutakuja kwako." Wanasimama naye juani, wanamuuliza hali, mguu, mkono, mtoto, mpaka yeye mwenyewe aage. Mwingine anamwambia, "Egesha kule dukani kwenye kivuli," na duka lenyewe liko mtaa wa pili. Mama mmoja aliyekuwa na mzazi na kichanga ndani alisimama mlangoni akaujaza mlango wote kwa mwili wake, anatabasamu. Kwenye misiba ya kweli waliendelea kumwita. Kahawa hakuna aliyemwitia.

Siku moja nilimkuta amerudi, yuko uani kwake, bado amekaa juu ya baiskeli, hajashuka.

"Ulikwenda wapi, wifi?"

"Kote. Nimefika kila mahali, sijaingia popote."

Niliumia. Nilikasirika pia, na sikuwa na wa kumkasirikia, kwa kuwa hata mimi, akiegesha kwangu, nilikuwa natupia jicho kama mama mkwe wangu, mzee ninayekaa naye, bado anapumua.

Idrisa akasikia. Likombe si mbali, na maneno hayahitaji nauli. Akaja, akakaa karibu na mama yake, akasema taratibu, "Mama, baiskeli ni ya kwenda kwa watu. Watu wenyewe wanakuwahi njiani ili usifike. Unabaki Mikindani kufanya nini?"

Nilitamani nimpige na mwiko. Lakini hakuwa amesema uongo. Idrisa akasema Ijumaa baada ya sala atakuja na kirikuu, kile kigari chake cha mizigo, kuchukua kitanda na vyombo, na baiskeli itatafutiwa mtu. Alipoondoka, wifi akaanza kukunja kanga zake, moja baada ya moja, kwa mkono mmoja. Nilijaribu kumsaidia akaniambia niende zangu nikapike.

Sikwenda kupika. Nilikwenda kwa Zuhura, nikamwambia yote. Zuhura hakusema masikini wala nini. Aliuliza tu, "Ijumaa baada ya sala?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya."

Ijumaa asubuhi alimpigia wifi simu. "Njoo. Egesha mlangoni kwangu, palepale."

"Watasema umekufa."

"Waseme. Njoo."

Akaenda. Idrisa alipofika na kirikuu chake alikuta nyumba tupu, nikamwambia mama yuko kwa Zuhura, nikamfuata nyuma. Sikuitwa, lakini ningekaaje? Baiskeli ilikuwa mlangoni, ndoo kikapuni, mlango umefungwa. Mzee Abeid amesimama ng'ambo ya njia, jasho linamtoka, hajui atangaze au asitangaze. Idrisa, mtu mzima, mwenye gari, akafika mlangoni akasimama, mikono nyuma. Hakubisha. Nikabisha mimi. Nikasukuma mlango.

Zuhura alikuwa kitandani, miguu juu ya mto imeumuka. Wifi amekaa pembeni yake.

"Shikamoo, mama," Idrisa akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumchukua?"

"Ndiyo, mama. Kule atatunzwa."

"Sina shaka. Ila mimi nimeshausia. Atakayeniosha ni Somoe. Wanangu wanajua, imamu anajua. Siku hiyo ikifika yeye yuko Likombe chumbani, ataletwa na nani?"

"Nitamleta mimi."

"Wewe utakuwa Newala umepakia korosho, na simu haishiki."

Idrisa akatazama chini. Newala na korosho ndiyo kazi yake.

"Sikukatalii mama yako," Zuhura akasema. "Nakuomba unisubiri. Daktari ameshaniambia sina safari ndefu. Nife, anioshe, nizikwe, kisha umchukue siku hiyo hiyo ukitaka. Wasia wa mtu hauvunjwi, unajua."

Wifi yangu alikuwa anatazama mkeka, na mkono wake mzima ulikuwa umelishika shuka la Zuhura. Niliona Idrisa anaona.

"Haya, mama," akasema. "Mpaka hapo."

Alisema mbele yetu sote. Nje, alipowasha gari, aliniuliza kwa sauti ndogo daktari amesema muda gani. Nikamwambia maneno ya daktari mimi siyajui. Kirikuu kikaondoka kitupu.

Msimu wa korosho umekuja ukaisha, na mwingine umeanza. Baiskeli iko mlangoni kwa Zuhura kila siku ya Mungu. Mwanzoni watu walishtuka, halafu wakachoka kushtuka, na sasa wapo wanaomwita wifi yangu aegeshe kwao anywe kahawa. Abeid siku hizi anapiga simu kwanza. Miguu ya Zuhura imevimba vilevile. Zamani alikuwa akijisikia nafuu anaacha vidonge, ukimsema anakutukana. Sasa anavimeza bila kukumbushwa, chumvi ameacha, mchuzi wa nazi ameacha, na kliniki haikosi hata mvua inyeshe. Daktari anashangaa. Sisi wa hapa hatumwambii kitu daktari.

Jana nilipita dirishani kwa Zuhura nikitoka kuuza vitumbua vyangu. Wifi alikuwa ndiyo kwanza anafunga breki. Hakubisha, aliita tu akiwa pale mlangoni.

"Zuhura! Umekufa?"

"Idrisa bado anakutaka?"

"Bado."

"Basi na mimi bado."